Pipa Si Uchawi

Wasee, tuache kuabudu pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon ilale kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Ikitoka, pipa halirudii kazi hiyo, ndio maana linauzwa. Goose Island ya Chicago ikajaza stout humo miaka ya 1990, tukapata Bourbon County: nyeusi kama oili chafu ya matatu, inanukia vanila, kilevi karibu asilimia 14. Hiyo ni kama mara tatu ya bia yako ya kawaida! Halafu mtu anamaliza chupa peke yake ati "anaonja". Kuonja gani? Glasi ndogo, mgawane wanne, na isiwe baridi ya kuua ulimi. Unataka kulewa? Sema tu, usimsingizie mwaloni. Na hiyo stori ya kakampuni kadogo pia muiache, Anheuser-Busch waliinunua 2011.