Daftari la Nyumba Lifunguliwe

Mkazi wa mabanda ya Nairobi akichelewesha kodi ya chumba mwezi mmoja, hufuatwa mlangoni mwake na kufungiwa kufuli. Lakini mtu mwenye nafasi yake akijitwalia nyumba iliyojengwa kwa jina la maskini, hapana amfuataye. Sisi tuliodai mageuzi hatuwezi kulinyamazia jambo hili, maana ni katika ugawaji wa nyumba na mikopo yake ndipo utawala huonyesha ni mtumishi wa nani.

Tuanze na Dandora, ambako wengi wetu twaabudu. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha huko mradi wa viwanja 6,000 kwa watu wa mapato ya chini. Baraza la Jiji likaunda idara maalumu ya kuusimamia. Aliyebahatika alipewa kiwanja chenye maji, choo na bafu, pamoja na mkopo wa vifaa vya ujenzi. Naye akatakiwa ajenge katika muda uliowekwa na kulipa deni lake kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kupangisha vyumba halikuwa kosa, kwani mpango wenyewe ulitarajia kwamba fedha ya mpangaji ingemsaidia mwenye kiwanja kulipa. Wazo lilikuwa jema, wala hatuoni haya kulisifu.

Kilichopotoka ni usimamizi. Viwanja vikaanza kubadili mikono chini kwa chini: jina la mwanzo likabaki daftarini, na kodi ya vyumba ikaliwa na tajiri akaaye mbali. Madeni yakalimbikizana, na Baraza halikuweza kupambanua kati ya mjane aliyeshindwa kwa ugonjwa na mwenye mali aliyekataa kwa kiburi. Nyumba za Umoja nazo, zilizojengwa kwa msaada wa Marekani miaka hiyo hiyo zikikusudiwa wenye mapato madogo, kwa sehemu kubwa ziliwaangukia watu wa tabaka la kati.

Mkopaji angemlilia nani? Tangu 1983 hadi 1992 jiji liliongozwa na Tume ya kuteuliwa, bila madiwani wa kuchaguliwa na wananchi. Tume hiyo ilipata askari wa kubomoa vibanda vya Muoroto Mei 1990, hata viongozi wa makanisa wakapaza sauti. Haikupata karani wa kubandika ukutani orodha ya waliopewa viwanja. Vyama vingi vikarudi Desemba 1991, lakini unyakuzi haukukoma. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kama zawadi kwa wapendwa wa utawala. Ahabu alilitaka shamba moja tu la Nabothi.

Sasa tunayo Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Sheria yasema mtu mmoja apewe nyumba moja, wala asiiuze bila idhini ya Bodi kwa maandishi. Masharti haya ni mema, na laiti Dandora ingalikuwa nayo na msimamizi wa kweli! Lakini Bodi itoayo idhini ikiwa peke yake ndiyo ijuayo nani anakaa wapi, tumerudi pale pale. Mama wa Mukuru akatwaye mshahara wa kiwandani kila mwezi, naye hajapata nyumba, ana haki ya kujua nani aliyepata.

Watatuambia kwamba majina ni siri. Hatudai mshahara wa mtu utangazwe sokoni. Twadai namba ya kila nyumba, fungu la mapato iliyokusudiwa, siku iliyogawiwa, idhini za kuuza zilizotolewa, na uthibitisho wa kila mwaka kwamba akaaye ndani ndiye aliyegawiwa. Wala hatuwatetei wasiolipa kwa ukaidi. Fedha wanayoizuia ndiyo ingemjengea jirani yao. Aliyefutwa kazi apewe muda na asikilizwe na kamati yenye wakazi ndani yake, kabla ya kufuli kuletwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chataja makazi kuwa haki, na cha 35 chatupa haki ya kudai habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi kila kamati ya haki na amani katika parokia na mitaa iandike barua kwa Bodi, na nakala kwa serikali ya kaunti, ikidai daftari la nyumba zilizo katika eneo lake. Barua isomwe kanisani Jumapili kabla ya kupelekwa, ipigwe mhuri wa kupokelewa, na jibu likija, au lisipokuja, lisomwe vile vile.