Nani atakubali kuwa kiungo?

Jioni moja Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru, niliwakuta watoto wakigawana nafasi kabla ya mechi. Walijipa majina ya katuni ya Super Strikas. Watatu waligombea kuwa Shakes, mshambuliaji, karibu wapigane. Jina la Dancing Rasta halikutakiwa na mtu. Huyo ndiye nahodha, anacheza kiungo, lakini hadithi ni ya Shakes. Mwishowe akasukumiwa mtoto mdogo kuliko wote, akakubali huku amenuna.

Wakubwa nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2016 Simba iliwachukua Mzamiru Yassin na Shiza Kichuya kutoka Mtibwa Sugar ya hapa mkoani kwetu. Mwaka ule ule Kichuya akaifunga Yanga kwa kona iliyoingia moja kwa moja, na bao lile linasimuliwa hadi leo. Mzamiru alikaa Simba miaka mingi akikimbia, akipokonya mipira na kuwapa wenzake. Mwombe shabiki akutajie pasi yake moja tu.

Mdalasini na pilipili manga zinazoshuka kutoka Matombo na Kinole tunaziita viungo. Goti na kiwiko ni viungo. Na Biblia yetu, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 12, inatumia neno hilo hilo kwa waumini. Tunaipenda sana sura hii tunapohimiza umoja, ila aya ya 22 hadi 24 tunazipita haraka. Humo Paulo anasema vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na kwamba kilichopungukiwa Mungu amekipa heshima zaidi. Zaidi, wapendwa, si sawa.

Mimi ni mzee wa kanisa. Miaka mingi nimesimama mbele siku ya harambee nikisoma majina, nikianza na aliyetoa nyingi. Tulikuwa na mama mmoja aliyefua vitambaa vya meza ya Bwana na kufagia kanisa kila Jumamosi. Alipofariki nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake. Ikabidi nimuulize binti yake jina la ubatizo la mama yake. Sote tulimwita Mama Usafi, basi. Binti alinijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

Katika Injili ya Yohana, Andrea anamleta nduguye Simoni kwa Yesu, anamtaja mvulana mwenye mikate mitano, na pamoja na Filipo anapeleka habari za Wayunani waliotaka kumwona Bwana. Hatuna hata hubiri lake moja. Siku ya Pentekoste aliyesimama kuhubiri ni Petro, na wale elfu tatu tunamhesabia yeye.

Kwa hiyo natoa hoja kwa wazee wenzangu: sikukuu ya mavuno mwaka huu tuanze kusoma majina ya wanaofagia, wanaopanga viti na wanaopika chai, majina yao kamili. Ya wachangiaji yabaki kwenye daftari la mhazini. Nimekwisha kuambiwa kwamba michango itapungua. Huenda ikapungua kweli, nasi tutapaka rangi nusu ya kanisa. Orodha yangu nimeianza jana, ina majina saba, na mawili bado sijui kuyaandika kamili.