Mwacheni Mama Barafu

Kuna tabia moja ya sisi tuliosoma inayoniudhi kuliko zote, nayo ni kukunja pua. Hapa Singida mjini tunaikunjia pua bidhaa ya shilingi mia moja, iliyofungwa kwenye kifuko chembamba, ngumu kama mawe yaliyouzunguka mji wetu. Jina lake barafu. "Zile barafu za mtaani," tunasema, na neno mtaani tunalitamka kama jina la ugonjwa.

Nasema tuache. Wala sisemi kwa sababu ya kumbukumbu za utotoni, maana kumbukumbu hazimnunulii mtu umeme. Nasema kwa sababu barafu ya ubuyu ni kiwanda, mwenye kiwanda ni mwanamke, na tunakiua kiwanda hicho huku tukihudhuria semina za ujasiriamali na kula vitafunwa vyake.

Mama ninayenunua kwake anakaa nyuma ya stendi ya Misuna. Watoto wanamwita Mama Barafu, nami nitamwita hivyo hivyo. Usiku anachemsha maji kwenye sufuria kubwa ya mkaa na kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Ubuyu, ule mweupe wa magunia unaotoka Manyoni na Dodoma, siyo ule mwekundu wa peremende, anauloweka kwenye beseni na kuupiga kwa mwiko mpaka unga uachane na kokwa. Anachuja mara mbili, ya pili kwa kitambaa. Anatia sukari na iliki kidogo. Kisha anakaa kwenye kigoda, na kwa kutumia mdomo wa chupa uliokatwa, anajaza vifuko kimoja kimoja na kuvipiga fundo kwa kasi ambayo macho yangu hayaifuati. Vinalazwa kwenye friza. Alfajiri anatundika kipande cha boksi kwenye mlango wa uani: BARAFU ZIPO. Umeme ukikatika, boksi linageuzwa.

Barafu ina adabu zake. Unang'ata kona ya kifuko, unanyonya polepole. Ukiwa na pupa utamaliza utamu wote mwanzoni na kubaki na kipande cheupe kisicho na ladha, na hapo ndipo mtoto wa Kinyaturu anapofundishwa subira bila kuchapwa.

Biashara ina majira. Juni na Julai, upepo wa Singida unapokata masikio, hakuna anayemkumbuka. Kuanzia Septemba mpaka mvua zitakaposhuka, jua likiwa utosini na vumbi likipaa kutoka barabara ya Mwanza, anauza barafu mia moja na hamsini kwa siku, wakati mwingine mia mbili. Kwa hesabu yake mwenyewe, kila barafu ya mia humbakizia kama shilingi arobaini. Anazigawa kwa vijana wawili wanaobeba madeli mpaka stendi, nao wanakimbilia madirisha ya mabasi pamoja na wauza kuku.

Sasa nimlete rafiki yangu. Tulisoma naye chuo, ana kazi nzuri Dar es Salaam. Nilimtumia picha ya barafu ya ukwaju, akajibu: "Bado mnakula hizo?" Wiki hiyo hiyo aliweka picha yake akiwa Masaki, ameshika kikombe cha aiskrimu ya Kitaliano, akasifia kwamba "haina hata maziwa, ni tunda tupu."

Tunda tupu, maji na sukari! Huyo ndiyo barafu, ndugu yangu. Wahamiaji wa Kitaliano walipofika Marekani walianza kuuza vitu hivyo hivyo mitaani: maji, sukari na limau, vimegandishwa na kukwanguliwa. New York wanaita barafu ya Kitaliano. Philadelphia wanaita barafu ya maji, jina ambalo Mama Barafu angecheka, maana barafu ya nini tena kama siyo ya maji? Pale Corona, mtaa wa Queens, kuna kibanda cha barafu ya limau kilichoanza miaka ya 1940, na mpaka leo watu wazima wanapanga foleni barabarani na watoto wao. Hakuna anayewaambia wanakula vya mtaani kwa maana ya kuwatukana. Mtaa ndiyo sifa yake. Wanaandika insha juu ya vibanda hivyo, na sisi tunazisoma kwa simu zetu na kuona uzuri wa maisha ya watu.

Na huo ubuyu wenyewe? Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya. Kipya! Mwaka uliofuata Marekani nayo ikaukubali. Tangu hapo unga uleule unaoachana na kokwa kwenye beseni la Misuna unauzwa ughaibuni kwenye vikopo vidogo, kwa watu wanaojali afya, kwa sababu ya vitamini C yake. Huku kwetu ukisema ubuyu, vijana wanafungua simu kutafuta umbea.

Najua jibu linalokuja: usafi. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ndiyo hoja pekee ya kweli upande wa pili. Baridi haiui vimelea vya kipindupindu; maji machafu yakigandishwa ni maji machafu yaliyoganda. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi na kuugua watu kwa maelfu. Mzazi anayeogopa hana kosa. Lakini angalia hofu hiyo inaelekea wapi. Ugonjwa unatoka kwenye maji na vyoo. Anayefukuzwa ni mama mwenye deli. Ukimwagia mtu barafu zake chini, maji ya mtaa yamekuwa safi kiasi gani?

Kuna shule moja hapa mjini, sitaitaja, anakosoma mtoto wa dada yangu. Mwaka jana ilitoa tangazo kwamba mwanafunzi atakayekutwa na barafu ya nje ya geti atarudishwa nyumbani. Sababu iliyoandikwa: afya. Ndani ya geti, kwenye duka la shule, kuna vinywaji vya rangi ya chungwa ambavyo havijawahi kukutana na chungwa, kwa shilingi mia tano. Nilimuuliza mwalimu mmoja kama kuna mtu aliyewahi kwenda kuona jinsi hao akina mama wanavyotengeneza barafu. Akaniangalia kama nimemwuliza habari za mwezini. Hakuna aliyekwenda. Hakuna aliyepima maji. Afya ilitajwa kama wanavyotaja polisi, ili mtu aondoke.

Wengine wana hoja ya plastiki. Hiyo sitaipa nafasi kubwa. Katazo la tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya kubebea, na vifungashio vya vyakula vikawekewa utaratibu wake. Vifuko vinavyozagaa ni kero kweli, na ningefurahi vijana wa madeli wakirudi navyo kwa mama. Lakini anayenihubiria kuhusu kifuko cha barafu huku ameshika chupa ya plastiki ya soda, naomba aimalize kwanza soda yake.

Tuingie kwenye umeme, maana huko ndiko kisu kilipo, na hakuna semina inayokuzungumzia.

Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, kundi linaloitwa D1, kwa miaka mingi sasa analipa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inakuwa kama 122. Mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa T1, ambako uniti ni shilingi 292, na kwa kodi na tozo kama 356. Ndiyo maana elfu moja ya LUKU humpa jirani mmoja uniti nane na mwingine hata tatu hazifiki.

Sasa pigeni hesabu na Mama Barafu. Friza inayokula uniti moja na nusu kwa siku inamaliza 45 kwa mwezi. Zimebaki 30 za taa, redio, pasi na simu za watoto. Kwenye kipupwe anabaki D1. Ikifika Oktoba, friza inahema mchana kutwa kwa sababu ya joto na kwa sababu mlango unafunguliwa kila dakika, anafika uniti 90. Mwezi wa uniti 75 kwa D1 unamgharimu shilingi 9,150. Mwezi wa uniti 90 kwa T1 unamgharimu 32,040. Uniti kumi na tano zimemuongezea karibu shilingi 23,000. Kwa faida ya shilingi arobaini, hizo ni barafu zaidi ya 570, ambazo anazitengeneza, anazifunga na kuziuza ili afike palepale alipokuwa.

Kwa hiyo anafanya kila mwenye akili angefanya: anazima friza usiku. Kisha sisi wenye pua tunasema barafu zake zimelegea.

Tena dola hiyo hiyo inamfahamu vizuri. Desemba 2018 vilipotoka vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni nne kwa mwaka, Mama Barafu alifuatwa mpaka mlangoni. Alilipa. Alikuwa mjasiriamali. Lakini kwenye mita yake ya umeme hakuna mjasiriamali wa mlango wa uani: ama wewe ni familia yenye taa tatu, ama unalipa kundi moja na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nataka kundi la katikati. Kama tuliweza kumtengenezea kitambulisho ili alipe, tunaweza kumtengenezea bei ili abaki kazini.

Alivumilia mgao wa mwishoni mwa 2023, barafu zikiyeyuka kwenye deli akawagawia watoto wa mtaa bure. Ukaja mwanzo wa 2024, sukari ikapanda mpaka serikali ikatangaza bei elekezi, na dukani mtaani kwetu bei elekezi haikuelekea popote. Hakupandisha bei. Nilimwuliza kwa nini. "Mwanangu, mtoto ana mia," alinijibu. "Nikisema mia na hamsini, hamsini ataitoa wapi?"

Ninachotaka kwa watu wa afya ni kidogo. Waje mwezi Agosti, kabla ya msimu, na karatasi ya masharti: maji yachemke, ndoo iwe na mfuniko na bomba, mikono ioshwe kwa sabuni, vifuko viwe vipya. Wampe wiki mbili, warudi. Aliyetimiza apewe cheti cha kutundika juu ya lile boksi, na shule zipewe orodha ya majina. Fedha za kuanzia zipo: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama watano wa barafu ni kikundi kama cha mafundi cherehani.

Kikao cha wazazi pale shuleni ni Jumamosi ijayo, na nakwenda badala ya dada yangu. Mkobani nina karatasi ya hesabu ya uniti, na picha ya sufuria ikichemka iliyopigwa saa nne usiku. Mama Barafu amekubali kuja. Ameniuliza jambo moja tu, kama duka la shule lina friji, maana atakuja na barafu sitini na kikao cha wazazi huchelewa kuanza.