Vimondo kama cha Ivuna vilindwe nchini

Desemba 16, 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini magharibi mwa Tanganyika. Kilikuwa na uzito wa takriban gramu 700 tu, lakini jina la kijiji hicho limebaki katika kundi adimu la vimondo ambavyo kemia yake inakaribia sana ile ya Jua. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za vumbi kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, wanasayansi walikuta linafanana mno na kundi hilo la Ivuna. Chembe za vumbi hilo zilipigwa eksirei kutoka pembe nyingi, kompyuta ikaunda umbo la ndani: nyufa, matundu, na madini yaliyozaliwa kwenye maji, yote bila kukata chembe hata moja. Hapo ndipo ilipo thamani ya njia hii, kwani jiwe likishasagwa, mpangilio wake haurudi.

Wapo watakaosema mashine za eksirei zinahitajika kwanza hospitalini. Ni kweli, na mgonjwa atangulie. Lakini kuhifadhi kimondo kikavu, mbali na unyevu wa hewa unaokibadilisha, hakumnyang'anyi mgonjwa kitu. Kipande kikubwa cha Ivuna kiko London. Kimondo kingine kinaweza kuanguka kesho kwenye shamba la pamba kule Choma, mkoani Tabora. Wizara na vyuo vikuu viweke sasa utaratibu wa kukipokea, na mwanakijiji atakayekiokota asikivunje wala asikioshe.