NFL: Kwotabeki asiyejulikana anapimwaje kabla ya kuchaguliwa?

Mwezi wa nne mwaka wa 2022, jina la mwisho kabisa kutajwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kubwa ya futiboli ya Kimarekani, lilikuwa la Brock Purdy, wa chuo kikuu cha Iowa State. San Francisco 49ers walimchukua akiwa namba 262 kati ya vijana 262. Miaka mitatu baadaye, ekipe hiyo hiyo ilimpa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 265. Wachunguzi wa vipaji, ambao hiyo ndiyo kazi yao, walishindwa kuona nini?

Katika mchezo huo, tofauti na kabumbu, karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwa mtu mmoja, kwotabeki. Anapokea mpira, na kwa muda wa sekunde mbili au tatu, huku mabeki wakimkimbilia, anaamua amrushie nani. Ndiyo maana ekipe ikikosea katika kumchagua, inaweza kulipia kosa hilo miaka mingi.

Uteuzi unafanyika kila mwaka kwa duru saba. Ekipe 32 zinachagua vijana kwa zamu, na ile iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inatangulia, isipokuwa kama imeuza zamu yake. Kwa njia hiyo, mwaka wa 1996, Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyecheza kama mkimbiza mpira, alichaguliwa wa nane na Carolina Panthers.

Kabla ya uteuzi, vijana wanaitwa Indianapolis kupimwa urefu, uzito, ukubwa wa kiganja, mbio na nguvu ya mkono. Vipimo hivyo vinaonyesha mwili. Havionyeshi kama kijana anaona vizuri wakati watu wanne wanamwangukia.

Mfano mzuri uko ndani ya San Francisco yenyewe. Mwaka wa 2021, ekipe hiyo ilitoa nafasi tatu za duru ya kwanza ili imchukue Trey Lance akiwa wa tatu. Lance alitoka North Dakota State, chuo cha daraja la pili. Mwaka wa 2019 alirusha mipira 28 ya kufunga bila hata mmoja kunaswa na wapinzani. Lakini msimu wa 2020 alicheza mechi moja tu, kwa sababu ya Covid. Jumla alikuwa ameanza mechi 17 za chuo. Purdy, kwa upande wake, alikuwa na misimu minne katika daraja la juu. Lance alipoumia mguu, na aliyemfuata naye akaumia, Purdy aliingia uwanjani. Mwezi wa pili mwaka wa 2024 alikuwa anacheza fainali ya ligi, waliyoshindwa na Kansas City. Lance alikuwa ameshapelekwa Dallas kwa nafasi moja ya duru ya nne.

Somo la kwanza basi ni kuhesabu mechi: kijana ameona mabeki wa aina ngapi, na amekosea na kujirekebisha mara ngapi?

Hata hivyo, hesabu peke yake nayo inadanganya. Josh Allen alipotoka chuo cha Wyoming, mipira iliyowafikia wenzake ilikuwa karibu asilimia 56 tu. Wengi walimwogopa. Buffalo Bills waliangalia pia wale waliomzunguka uwanjani, wakamchukua wa saba mwaka wa 2018. Leo ana tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa 2024. Swali la pili, kwa hiyo, ni hili: alicheza na nani, na dhidi ya nani?

Siku hizi swali hilo linapata jibu mapema zaidi, kwa sababu wanafunzi wanahama vyuo kwa urahisi. Cam Ward alianzia Incarnate Word, chuo kidogo cha Texas, akapita Washington State, akamalizia Miami, halafu Tennessee Titans wakamchagua wa kwanza kabisa mwaka wa 2025. Kila kituo kilikuwa mtihani mgumu kuliko uliotangulia. Lakini hali hiyo ina upande mwingine: mwenye kipaji anayebaki chuo kidogo sasa anashukiwa, hata kama alibaki kwa sababu zake.

Wapenzi wa mchezo huu hupenda kumtaja Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 mwaka wa 2000 kisha akatwaa mataji saba. Ukweli ni kwamba wengi wanaochaguliwa mwishoni hawafiki popote. Tofauti iko kwenye bei. Purdy angeshindwa, San Francisco wangepoteza nafasi ya 262. Kwa Lance, walipoteza tatu za kwanza.