MOSHI NAO NI ADUI WA MFANYAKAZI

Sisi tuliotoka Garsen, kando ya Mto Tana, tulikuja mjini kuuza nguvu zetu, si mapafu yetu. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa ulifunika London siku 5. Watu wapata 4,000 walikufa. Hesabu za baadaye zikataja kama 12,000. Bunge lao likatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Tena mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu. Sisi wa karakana twauvuta kila siku.

Basi, pamoja na nyongeza ya mshahara, tudai karakana zinazopitisha hewa na daktari wa kutupima vifua. Mshahara haumfai aliye kaburini.