Moyo ukisimama, pikipiki inachelewa

Wapenzi wa mupira wanamukumbuka Fabrice Muamba, mutoto wa Kinshasa aliyehamia Uingereza akiwa bado mudogo. Tarehe 17 Machi 2012, akichezea Bolton kwenye uwanja wa Tottenham, London, alianguka peke yake. Hakuna aliyemugusa. Moyo wake ulisimama dakika 78. Alipigwa shoti ya umeme mara 15. Akapona.

Hapa kwetu habari hiyo inaelezwa kwa neno moja: kule wako na mashini. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Katika dakika zile zote watu waliendelea kufinya kifua chake, kiwanjani na ndani ya ambulansi. Hata munganga wa moyo aliyekuja kutazama mechi kama wewe na mimi alishuka toka jukwaani kusaidia.

Mashini yenyewe, defibrilateri, si muujiza. Ile ya automatike imetengenezwa hata kwa mutu asiye munganga: unaifungua, inakuambia kwa sauti cha kufanya, unabandika vipande viwili kwenye kifua kitupu, inapima moyo. Kama moyo unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, inaruhusu shoti ili kukata mutetemeko ule, moyo ushike tena mwendo wake. Kama moyo umenyamaza kabisa, inakataa. Ni kusema haifanyi vile tunaona kwenye filamu.

Shida ni dakika. Bila mikono wala shoti, kila dakika inayopita inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 mpaka 10 hivi. Sasa tuangalie namna tunafanya sisi. Mutu anaanguka Kadutu ao Birere: tunamumwangia maji, tunamupepea, tunatafuta pikipiki. Anabanwa katikati ya motari na ndugu yake, kichwa kinaning'inia, magari yamefungana barabarani. Wakifika, munganga anapokea maiti, na familia inamulaumu yeye. Safari ile yote hakuna aliyefinya kifua, kwa sababu juu ya pikipiki haiwezekani.

Kwa hiyo, wanaosema tuanze kwa kununua mashini, mimi nasita. Moja inaweza kupita dola 1 000, betri inachoka, vipande vya kubandika vinapita tarehe hata kama havikutumiwa. Na kabati zetu tunazijua: ufunguo uko kwa chefu, na chefu ametoka. Afazali kwanza kufundisha wamotari, makocha, walimu, watu wa mitumbwi. Mimi nilifuata mafunzo ya nusu siku, tulifinya mudoli. Kisha dakika mbili mikono ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana watu wanapokezana.

Kazi yenyewe: mutu hajibu, hapumui, ao anakoroma tu mara moja moja (kule si kupumua). Mulaze chali chini, pahali pagumu. Mumoja atafute gari ambamo mugonjwa anaweza kulala. Wewe weka viganja katikati ya kifua, finya sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, uache kifua kipande kila mara. Ubavu ukivunjika, utaunga. Aliyezama ziwani anahitaji pia pumzi ya mudomo, tena ndiyo ya kwanza. Aliyekamatwa na umeme, usimuguse mbele ya kukata umeme.

Tusidanganyane: mara nyingi mikono peke yake hairudishi moyo. Inachunga ubongo wakati shoti inangojewa. Na hapo serikali iko na deni, maana uliza majirani kumi namba ya kuita ambulansi, uone. Mashini zitahitajika kwenye viwanja, bandari na uwanja wa ndege, pamoja na mutu wa kuzichunga.

Lakini kwenye mechi ya Siku ya Mungu, kila benchi iko na maji na pomada. Ligi inaweza kudai, mbele ya shampiona ijayo, kila benchi iwe pia na mutu mumoja aliyefundishwa kufinya kifua. Hiyo haihitaji barua kutoka Kinshasa.